Röntgen, aliyechungulia ndani ya chuma bila kukikata

Wengi humkumbuka Wilhelm Conrad Röntgen wanapoelekezwa chumba cha eksirei hospitalini. Wachache wanajua kuwa mwanafizikia huyo wa Ujerumani alisomea uhandisi wa mitambo, na kwamba tangu mwanzo mionzi yake ilimulika metali kama ilivyomulika mifupa.

Alizaliwa Machi 27, 1845 katika mji wa Lennep, akakulia Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shule kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyechora katuni ya kumkejeli mwalimu. Ilimbidi aende Uswisi, ambako chuo cha ufundi cha Zurich kilimpokea mwaka 1865.

Novemba 8, 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, aliona kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali kikimeta gizani, ilhali neli ya umeme aliyokuwa akiifanyia majaribio ilikuwa imefunikwa gubigubi. Alijifungia maabara wiki kadhaa. Picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, iliyoonyesha mifupa na pete, ndiyo iliyoitikisa dunia. Hata hivyo, ripoti yake ya Desemba 28 ilitaja pia picha ya kipande cha metali kilichofichuliwa kasoro zake za ndani. Mwaka uliofuata aliimulika bunduki yake ya kuwindia, na dosari zilizojificha ndani ya chuma cha mtutu zikaonekana.

Hapo ndipo ulipoanzia ukaguzi unaofanywa leo kwenye viungo vya kuchomelea vya mabomba ya gesi, matangi ya mvuke na vipuri vya injini za ndege. Penye ufa au tundu metali hupungua, mionzi mingi zaidi hupenya, na filamu huwa nyeusi zaidi. Si kinga kamili: ufa mwembamba uliokaa mkingamo wa mionzi huweza kupita bila kuonekana, hivyo mkaguzi makini hupiga picha kwa pembe zaidi ya moja.

Röntgen alikataa kujimilikisha ugunduzi huo kwa hataza, na mafundi wa kila nchi wakautumia bila kumlipa. Fedha za Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1901, iliyokuwa ya kwanza kutolewa, alikiachia Chuo Kikuu cha Würzburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mfumuko wa bei uliimeza akiba yake.

Alifariki dunia mjini Munich Februari 10, 1923, akiwa na umri wa miaka 77. Kwa wosia wake, karatasi zake za utafiti zilichomwa moto.