Leo Fender: Fundi wa redio aliyebadili muziki wa dunia bila kujua kupiga gitaa

UKISIKILIZA muziki wa dansi uliorekodiwa Dar es Salaam au Kinshasa katika miaka ya 1970, ni vigumu kutosikia gitaa la besi likitembea taratibu chini ya sauti nyingine zote. Wengi wamelicheza hadi alfajiri, lakini ni wachache wanaojua kwamba gitaa la kwanza la aina hiyo kutengenezwa kwa wingi kiwandani liliingia sokoni mwaka 1951, na kwamba aliyelibuni alikuwa mhasibu aliyepoteza kazi, mwenye jicho moja, na ambaye hadi anaingia kaburini hakujifunza kupiga gitaa.

Mtu huyo ni Clarence Leonidas Fender, ambaye dunia ilimfahamu zaidi kwa jina la Leo.

Alizaliwa Agosti 10, 1909 katika shamba la michungwa la wazazi wake, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton katika jimbo la California nchini Marekani. Akiwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe uliosababisha jicho lake la kushoto kuondolewa, na tangu hapo akawa anatumia jicho la bandia la kioo.

Mapenzi yake kwa vifaa vya umeme yalianzia kwa mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mifumo ya umeme ya magari katika mji wa Santa Maria. Huko kijana Leo aliona redio iliyoundwa kwa mikono na mjomba huyo, na sauti iliyotoka ndani ya spika yake ilimvutia kiasi kwamba alianza kukarabati redio nyumbani kwao akiwa bado mwanafunzi.

Hata hivyo, shule haikumpeleka kwenye ufundi. Alipomaliza sekondari mwaka 1928 alisomea uhasibu, kisha akafanya kazi katika kampuni ya barafu na baadaye katika idara ya barabara ya jimbo la California. Mwaka 1934 alimuoa Esther Klosky. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Mdodoro Mkuu wa Uchumi. Kazi ya serikali ikafutwa, na kazi iliyofuata, katika kampuni ya matairi, nayo haikudumu zaidi ya miezi michache.

Mwaka 1938, akiwa na mkopo wa dola 600, Fender alirudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Uamuzi huo wa mtu asiye na ajira ndio uliobadili historia ya muziki.

Wateja wa duka hilo hawakuwa wenye redio pekee. Wanamuziki walimletea vipaza sauti na amplifaya zilizoharibika, nao walikuwa na malalamiko mengi. Gitaa la kawaida lina tumbo lililo wazi ndani, na ubao wake hutetemeka ili kukuza sauti. Likiunganishwa na umeme na sauti ikapandishwa, spika hutetemesha tumbo hilo, nalo hurudisha mtetemo kwenye spika, mpaka ukumbi mzima ukajaa mlio mkali usiovumilika.

Jawabu lilikuwa kuliondoa tumbo lenyewe. Katika gitaa la umeme, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba hunasa mtetemo wa nyuzi za chuma na kuugeuza kuwa umeme, nao hupelekwa kwenye amplifaya. Mwili wa gitaa hauna kazi ya kukuza sauti, hivyo unaweza kuwa kipande kizima cha mbao. Fender hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo, kwa kuwa wengine walikwisha kulijaribu tangu miaka ya 1930. Tofauti yake ni kwamba alilitazama gitaa kwa jicho la fundi anayejua kwamba kila kifaa kitaharibika siku moja na kurudi mezani kwake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jicho lake lilimwepusha na jeshi, naye akashirikiana na mbunifu Doc Kauffman. Mwaka 1943 wawili hao waliunda gitaa la mbao nzima kwa ajili tu ya kujaribia kifaa chao cha kunasa mtetemo. Wanamuziki wa eneo hilo walipolisikia, wakaanza kulikodi. Mwaka 1945 wakaanzisha kampuni ya pamoja, wakitengeneza zaidi magitaa ya mtindo wa Hawaii, yanayopigwa yakiwa yamelazwa mapajani. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa, akihofia madeni. Fender aliendelea peke yake kwa jina lake mwenyewe.

Mwaka 1950 kampuni hiyo ilitoa gitaa lake la mbao nzima lenye umbo la kawaida. Shingo yake haikugandishwa kwa gundi kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa vinanda na magitaa, bali ilifungwa kwa skrubu nne, hivyo ikivunjika ingeweza kubadilishwa kwa muda mfupi. Wafanyabiashara wa ala za muziki walilicheka. Wapo waliolifananisha na kafi la mtumbwi, na wengine na koleo la kuzolea theluji. Hata jina lake la awali, Broadcaster, lililazimika kuachwa mwaka 1951 baada ya kampuni ya Gretsch kulalamika kwamba lilifanana na jina la ngoma zake. Likaitwa Telecaster, na kicheko kikaisha.

Mwaka huohuo ndipo lilipotoka gitaa la besi, Precision Bass. Kabla yake, mpigaji besi alilazimika kusafiri na besi kubwa ya kusimama, ambayo ni vigumu kuibeba na ambayo sauti yake humezwa na ngoma na tarumbeta. Fender aliipunguza hadi ikaning'inia begani. Alitia pia mistari ya chuma shingoni ili kidole kiangukie noti sahihi bila kubahatisha. Katika miaka ya 1960, James Jamerson aliitumia besi hiyo kwenye nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya Motown mjini Detroit.

Kwa kuwa hakujua kupiga, Fender aliwategemea wanaojua. Aliwapelekea wanamuziki magitaa ya majaribio, akasikiliza malalamiko yao, kisha akarudi karakanani kurekebisha. Mpigaji Bill Carson alilalamika kwamba kingo za Telecaster zilimchoma mbavuni. Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1953, alichangia kuchora umbo jipya. Matokeo yake yalitoka mwaka 1954: Stratocaster, gitaa lenye mwili uliochongwa kufuata umbo la mpigaji, vinasa mtetemo vitatu na mkono wa chuma wa kutikisia sauti. Lenye mkono huo liliuzwa dola 249.50.

Buddy Holly alilitangaza gitaa hilo katika miaka ya 1950. Mwaka 1969, Jimi Hendrix alilitumia kuupiga wimbo wa taifa wa Marekani katika tamasha la Woodstock.

Lakini wakati Hendrix akipanda jukwaani Woodstock, kampuni ya Fender haikuwa tena ya Fender.

Kwa miaka mingi mbunifu huyo alisumbuliwa na maambukizi ya bakteria yaliyogoma kupona. Kufikia mwaka 1964 aliamini kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika, akaamua kuweka mambo yake sawa. Alikuwa tayari kumuuzia kampuni mkuu wake wa mauzo, Don Randall, kwa dola milioni 1.5. Randall, ambaye hakuwa na fedha hizo, aliomba kutafuta mnunuzi mwingine. Januari 1965 shirika la utangazaji la CBS lililipa dola milioni 13. Kiasi hicho kilizidi dola milioni 11.2 ambazo shirika hilo lilikuwa limetoa mwaka uliotangulia kununua asilimia 80 ya New York Yankees, klabu maarufu ya besiboli.

Miaka michache baadaye Fender alibadilisha daktari. Akapewa dawa tofauti, na ugonjwa aliodhani ungemuua ukapona.

Alikuwa tajiri na mwenye afya, lakini mkataba ulimzuia kushindana na kampuni aliyoiuza kwa miaka 10, na jina lake halikuwa tena mali yake. Muda huo ulipokwisha, mwaka 1975 akawa rais wa kampuni ya Music Man, iliyoanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi naye. Besi ya StingRay, iliyotoka mwaka 1976, ni matunda ya kipindi hicho.

Esther alifariki dunia mwaka 1979 kwa ugonjwa wa saratani. Mwaka 1980 Fender alioa tena, na akaungana na rafiki yake wa tangu mwaka 1948, George Fullerton, kuanzisha kampuni ya G&L, yaani George na Leo. Kiwanda kilijengwa Fullerton, katika mtaa unaoitwa Fender Avenue. Jina lake lilikuwa halali kuandikwa kwenye kibao cha mtaa, lakini si kwenye magitaa aliyoyatengeneza ndani yake.

Kwa upande mwingine, wanamuziki walianza kuyasaka kwa bei ya juu magitaa yaliyotengenezwa kabla ya mauzo ya mwaka 1965, wakiamini kwamba baada ya hapo ubora ulishuka. CBS iliiuza kampuni hiyo mwaka 1985 kwa kundi la wafanyakazi wake wenyewe, likiongozwa na Bill Schultz. Mzee Fender, ambaye aliamini kwamba magitaa yake ya G&L yalikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuunda, alijikuta akishindana na kazi ya ujana wake.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha mikono, lakini haukumzuia kwenda kazini. Alikuwa karakanani siku moja kabla ya kifo chake. Alifariki dunia Machi 21, 1991 mjini Fullerton, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1992 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Rock and Roll, na mwaka 2009 akatunukiwa Tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 18 baada ya kuzikwa.

Baada ya kifo chake, chumba chake cha kazi katika kiwanda cha G&L kilihifadhiwa kama alivyokiacha, na zana zake zikiwa mezani.