Karl Paul Link: Mwanakemia aliyefuata siri ya damu isiyoganda

Mnamo Februari 1933, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alifika katika maabara ya Karl Paul Link mjini Madison akiwa na mzoga wa mtamba, chombo cha damu isiyoganda na shehena ya majani makavu yaliyoota kuvu. Mifugo yake ilikuwa ikifa kwa kuvuja damu.

Link, aliyezaliwa LaPorte, Indiana, mwaka 1901, alikuwa profesa wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Matabibu wa mifugo walikwisha kuyashuku majani ya klova tamu yaliyooza, ila kiini cha sumu hiyo hakikujulikana.

Ili kukibaini, Link na wenzake waliwapa sungura dondoo za majani hayo, kisha wakapima muda wa damu yao kuganda. Kila dondoo iliyochelewesha damu ilisafishwa na kujaribiwa upya. Juni 1939, msaidizi wake Harold Campbell alipata fuwele safi za kemikali iliyoitwa dikumaroli. Kufikia mwaka 1941 ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa.

Mwaka 1945, Link akiwa amelazwa kwa kifua kikuu, alisoma historia ya vita vya binadamu dhidi ya panya. Aliporejea maabara, kemikali za jamii hiyo zilijaribiwa kwa wanyama. Ile ya 42 ikazishinda nyingine kwa nguvu. Iliitwa warfarini, kutokana na herufi za taasisi iliyogharimia utafiti huo, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya.

Madaktari walisita kuwapa wagonjwa sumu hiyo. Lakini mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani aliyeimeza kwa wingi alipona baada ya kutibiwa kwa vitamini K, ambayo Link alikuwa ameitetea kuwa kinga dhidi ya madhara yake. Mwaka 1954 warfarini iliidhinishwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Dwight Eisenhower baada ya mshtuko wa moyo.

Link alifariki dunia Novemba 1978. Hadi leo, Afrika Mashariki ikiwemo, wagonjwa waliowekewa vali bandia za chuma moyoni hutegemea dawa hiyo. Sharti wapimwe damu mara kwa mara: dozi ikizidi, huvuja damu, ikipungua, damu huganda na kuziba mishipa.