Livingstone: Aliishi Bila Posta Wala Dawa, Lakini Si Bila Watu

Kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, mahali paitwapo Mugere, limesimama jiwe lenye majina ya David Livingstone na Henry Morton Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871.

Livingstone, mmisionari na tabibu aliyezaliwa Uskoti mwaka 1813, aliingia bara mwaka 1866 kutafuta chimbuko la Mto Nile. Mapema mwaka uliofuata, wapagazi waliotoroka walichukua sanduku lake la dawa, na homa ikamwandama. Barua zake nyingi hazikufika pwani. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea.

Mwaka 1869, akiwa hajiwezi, alibebwa hadi ziwani na msafara wa Mohamed Bogharib, mmoja wa wafanyabiashara ambao biashara yao ya watumwa aliilaani. Aliporejea Ujiji Oktoba 1871, alikuta shehena aliyotumiwa imekwisha kuuzwa.

Mwandishi wa habari Stanley alimletea chakula, dawa na barua. Wawili hao wakapanda mtumbwi, wakapita ilipo Rumonge ya leo hadi mlango wa Rusizi, wakathibitisha kwamba mto huo huingia ziwani, hautoki.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Husifiwa kuwa msafiri aliyejitegemea. Kumbe aliishi, na hata kuzikwa kwao, kwa mikono ya wengine.