Bernard Lyot, Mfaransa aliyeliziba jua kwa kisahani

BERNARD Lyot alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, Februari 27, 1897. Babake, daktari wa upasuaji, alifariki Bernard akiwa bado mtoto. Baada ya kusomea uhandisi wa umeme, aliajiriwa mnamo 1920 katika kituo cha kuchunguza anga cha Meudon, nje kidogo ya Paris.

Alianza kwa kupima mwanga unaoakisiwa na Mwezi na sayari, akaonyesha kuwa uso wa Mwezi umefunikwa kwa vumbi mithili ya majivu ya volkano. Hata hivyo, lililompa sifa ni jua.

Jua limezungukwa na korona, utando wa gesi ambao mng'ao wake ni hafifu mara milioni moja hivi kuliko wa jua lenyewe. Enzi hizo korona ilionekana tu jua lilipopatwa kikamilifu, tena kwa dakika chache. Wataalamu kadhaa walikuwa wamejaribu kuiona siku za kawaida wakaambulia patupu.

Lyot alitambua kwamba tatizo halikuwa anga pekee, bali pia darubini yenyewe. Kila chembe ya vumbi, kila mkwaruzo na kila kipovu ndani ya lenzi hutawanya mwanga na kuifunika korona. Akachagua lenzi moja isiyo na dosari, akaing'arisha kwa subira, na kupaka mafuta ndani ya bomba la darubini ili yanase vumbi. Kisha akaweka kisahani cha kuziba taswira ya jua na, nyuma yake, pete ya kuzuia mwanga unaopinda kwenye ukingo wa lenzi. Bila pete hiyo, kisahani peke yake hakingefua dafu.

Mnamo 1930 alikipandisha chombo hicho, kiitwacho koronagrafu, hadi kituo cha Pic du Midi, mita 2,877 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Pyrenees, na huko akaiona korona mchana kweupe. Mnamo 1939 Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Uingereza kilimtuza nishani ya dhahabu.

Ajabu ni kuwa yeye aliyewapunguzia wenzake adha ya kungoja jua lipatwe hakuacha kulifuata. Februari 1952 alisafiri hadi Khartoum, Sudan, kulitazama likipatwa. Akiwa njiani kurejea, ndani ya treni karibu na Cairo, Misri, alipatwa na mshtuko wa moyo, akafariki Aprili 2. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Hakuishi kuona ufundi wake ukielekezwa kwa nyota nyingine. Kando ya baadhi ya nyota huwapo vibete kahawia, magimba mazito kuliko sayari lakini yasiyotosha kuwaka kama nyota. Hupoa na kufifia kadiri miaka inavyosonga, na ndiyo sababu husakwa zaidi kwenye nyota changa, vikiwa bado vina joto. Hata hapo, mwanga wa nyota huvimeza.

Mnamo 1995, kwa koronagrafu iliyofungwa kwenye darubini ya Palomar, California, wanaastronomia walitangaza picha ya Gliese 229B, kibete kahawia kilicho umbali wa miaka-nuru 19 hivi. Miaka mitano baadaye, ikatangazwa picha ya kingine iliyokuwa imenaswa na darubini ya Hubble kando ya nyota changa HR 7329. Pete ile ya kuzuia mwanga huitwa hadi leo kwa jina la Lyot.