Toscanini na Jioni za Redio

Nimeombwa na wahariri niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri atakayewafaa wazee tuliokwisha kuondoka shuleni na vijana walio bado madarasani. Nimemchagua Arturo Toscanini, Mtaliano, kiongozi wa okestra, aliyefariki mwaka 1957. Sababu yangu ni hii: wengi wetu tulikutana na Shakespeare darasani, kitabu mkononi na mtihani mbele yetu. Bwana huyu alimwingiza Shakespeare redioni kwa njia ya muziki, na watu wakakaa majumbani mwao kumsikiliza kwa hiari yao.

Toscanini alizaliwa mjini Parma tarehe 25 Machi, 1867. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, na nyumbani fedha zilikuwa haba. Akiwa na miaka tisa aliingia chuo cha muziki cha mji huo, akajifunza kupiga selo, yaani fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Macho yake hayakuona vizuri. Kwa hiyo alizoea kujifunza kila noti kwa ghibu, na udhaifu huo ndio uliokuja kumpandisha.

Mwaka 1886 alikwenda Brazil na kundi la opera. Opera, kwa wasioijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Usiku wa tarehe 30 Juni, mjini Rio de Janeiro, kulikuwa na ugomvi juu ya kiongozi wa okestra, na waliojaribu kushika nafasi yake walizomewa. Kijana Toscanini, mwenye miaka 19, alitolewa katika safu ya wapiga selo akapewa kijiti. Alikifunga kitabu cha muziki akaongoza Aida yote, toka mwanzo hata mwisho, bila kukitazama. Waliozomea wakapiga makofi.

Jambo ninalolipenda ni alilolifanya baadaye. Hakujiona mkubwa. Mwaka 1887 alirudi kuketi miongoni mwa wapiga selo katika jumba la La Scala, Milan, ili awepo wakati mzee Verdi alipotoa opera yake mpya, Otello, iliyotungwa kutokana na mchezo wa Shakespeare. Alitaka kuona kazi inavyozaliwa.

Baadaye aliongoza La Scala yenyewe, na kuanzia 1908 hadi 1915 jumba la Metropolitan la New York. Alikuwa mkali. Alivunja vijiti, alifoka, na wapigaji walimwogopa. Mwaka 1903 aliondoka La Scala katikati ya onyesho kwa sababu watazamaji walishikilia wimbo urudiwe. Sisemi ukali huo ulikuwa mzuri. Nasema tu kwamba hakuwapendelea wakubwa na kuwaonea wadogo.

Hilo lilionekana wazi katika siasa. Mwaka 1919 jina lake lilikuwa katika orodha ya wagombea wa Mussolini. Lakini alipoona njia anayoishika Mussolini, alimwacha mkono. Tarehe 14 Mei, 1931, mjini Bologna, alitakiwa apige wimbo wa chama cha Kifashisti kabla ya muziki. Alikataa. Vijana wa chama walimvamia nje ya jumba wakampiga usoni, na serikali ikamnyang'anya pasipoti kwa muda. Mwaka 1933 alikataa kwenda Bayreuth, Ujerumani, kwa sababu Hitler alikuwa akiwatesa Wayahudi. Mwaka 1936 alikwenda Palestina kuongoza okestra mpya ya Wayahudi waliokimbia mateso, bila kupokea malipo.

Basi mzee wa miaka 70 alikuwa amejifungia mwenyewe milango mingi ya Ulaya. Mlango uliofunguka ulikuwa wa redio. Shirika la NBC la New York lilimwundia okestra yake, na usiku wa Krismasi, 1937, alisimama studio 8H kwa mara ya kwanza. Programu za waliokuwamo studioni zilichapwa juu ya hariri, ili karatasi zisikwaruze vipaza sauti. Nje ya chumba hicho, watu ambao hawakuweza kununua tiketi ya La Scala walisikia Vivaldi, Mozart na Brahms bila kutoka nyumbani.

Jioni zilizo bora kwangu ni mbili za Desemba 1947, tarehe 6 na 13, alipoongoza Otello redioni kwa sehemu mbili. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu alipoketi na selo yake mbele ya Verdi. Fikiri ugumu wake. Hakuna pazia, hakuna mavazi, hakuna taa. Leso ya Desdemona, ambayo ndiyo chanzo cha maangamizi yote, msikilizaji haioni. Jemadari anapoingia chumbani kumwua mkewe, hakuna wa kumtazama. Kazi yote ni ya sauti: dhoruba inayoanza ghafula, sala ya mke kabla ya kulala, kisha fidla nzito kuliko zote zikinyatia peke yao gizani. Toscanini aliwataka waimbaji walitamke kila neno wazi, na ala zisiyafunike maneno. Sahani za santuri za jioni hizo zipo hata leo, na kila nizisikilizapo huyaona yote.

Mwisho wake ulikuwa mzito. Tarehe 4 Aprili, 1954, akiwa na miaka 87, aliongoza muziki wa Wagner katika jumba la Carnegie, nao ulitangazwa moja kwa moja. Katikati, akili ile iliyobeba kila noti kwa miaka 68 ilisita. Mkono wake ulipoteza njia. Wenye mitambo waliingiza kwa muda mfupi sahani ya Brahms, na wasikilizaji wa nyumbani wakabaki wakishangaa. Kisha alijikusanya, akamaliza kazi yote iliyopangwa, akashuka jukwaani, wala hakurudi kupokea makofi. Hakuongoza tena mbele ya watu. Alifariki New York tarehe 16 Januari, 1957, akazikwa Milan.

Vijana mlio shuleni, mkipata nafasi, someni kwanza Othello ya Shakespeare, kisha zimeni taa msikilize ile ya 1947. Nanyi wazee wenzangu, sikilizeni pia ile jioni ya 1954. Kumkuta mtu mkubwa akisahau, na bado akamaliza kazi aliyoianza, ni jambo la kutia moyo kwa sisi ambao nasi tumeanza kusahau.