Tom Mboya: Karo Ilimtoa Skuli, Skuli Haikumtoka

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Thika hupita Ruiru, kisha Juja, kisha Thika yenyewe. Leo njia hiyo imejaa majumba na viwanda, lakini miaka tisini iliyopita ilikuwa nchi ya mashamba ya wazungu: kahawa huku na huku na, ukishika upande wa mashariki kuelekea Kilima Mbogo, mkonge. Juja na Kilima Mbogo yalikuwa mashamba ya tajiri mmoja mzaliwa wa Marekani, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa katika mlima huohuo wa Kilima Mbogo. Katika shamba lile la mkonge, tarehe 15 Agosti 1930, alizaliwa Thomas Joseph Mboya.

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, nyumba nyingi za kwetu Pwani huingia simanzi. Kijana aliyekosa alama, au aliyepata alama lakini hana karo, huambiwa kuwa safari yake imekwisha. Wako na wengine ambao hunena kinyume, kwamba skuli si kitu, mbona fulani hakusoma na akawa mkubwa. Na jina wanalolipenda kulitaja ni la marehemu Mboya. Makundi yote mawili yafaa yakisome kisa chake chote, si nusu.

Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara shambani. Asili yake ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa la Nyanza, nchi ya Wasuba na Wajaluo, lakini riziki yake aliipata kwa wageni, miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu. Hivyo mtoto akakua akisema Kijaluo nyumbani, Kikamba na Kikikuyu kwa wenzake wa kambini, na Kiswahili kwa wote. Elimu hiyo hakufundishwa na mwalimu yeyote, wala haikuwa na cheti, na ndiyo iliyokuja kumfaa kuliko nyingi alizozipata baadaye.

Skuli aliianzia Kabaa, katika nchi ya Ukambani, kwa mapadri wa Kikatoliki wa Roho Mtakatifu. Watoto walijifunza herufi kwa kuziandika mchangani kwa kidole. Sisi tulioanza alifu na bei kwa ubao na wino wa masizi hatuna haja ya kuelezwa zaidi: chombo kilikuwa duni, somo lilikuwa lilelile. Mwaka 1942 akapelekwa Yala, Nyanza, akaanza Kiingereza na tarehe ya dunia. Mwaka 1946 akaingia Mang'u.

Mang'u ya siku hizo haikuwa mahali ilipo leo karibu na mji wa Thika. Huko ilihamia katika miaka ya 1970. Ilianzishwa Kabaa mwaka 1925 na Padri Michael Witte, kisha ikapelekwa Mang'u, katika milima ya upande wa Gatundu. Ilikuwa mojawapo ya skuli chache mno za sekondari ambazo Mwafrika angeweza kuingia, na aghalabu ikitajwa pamoja na Alliance ya Kikuyu. Wavulana walitoka kila pembe ya nchi, wakala chakula kimoja na kulala bweni moja, katika zama ambazo serikali ya kikoloni ilipenda kila kabila likae peke yake. Mwaka 1947 akaingia hapo kijana wa Othaya aliyeitwa Mwai Kibaki. Wawili hao walipishana: mmoja alikuwa anakaribia kutoka, mwingine ndiyo kwanza anaingia.

Mwisho wa mwaka huo wa 1947 Mboya alifaulu mtihani wake. Alama zilimtosha kuendelea hadi cheti cha Cambridge, ambacho ndicho kilichokuwa ufunguo wa Makerere. Lakini baba hakuwa na fedha, na nyuma yake walikuwapo wadogo waliohitaji kusomeshwa nao. Kijana wa miaka kumi na saba, mwenye akili na hamu, akafunga sanduku lake. Hapana shaka iliyomtoa ilikuwa ni karo, wala si uvivu.

Alichofanya hapo ndicho kiini cha kisa hiki. Mwaka 1948 alikwenda Jeanes School, Kabete, kujifunza kazi ya bwana afya. Haikuwa kazi aliyoiota, lakini aliishika kama kwamba ndiyo. Huko walisoma watu wazima wa kila aina waliotoka wilaya nyingi, na wanafunzi wakamchagua awe rais wa baraza lao. Naam, aliyejifunza Kilima Mbogo kusema na kila mtu kwa lugha yake, na Mang'u kuishi na kila kabila, sasa akajifunza kuongoza mkutano, kupokea malalamiko na kuyapeleka kwa wakubwa bila ya kugombana. Alipomaliza mwaka 1950 hakuwa na Cambridge, lakini alikuwa na ufundi wa mkononi na ufundi wa watu.

Baraza la Mji wa Nairobi likamwajiri. Kazi ilikuwa moja, mishahara mbalimbali kwa rangi: bwana afya Mwafrika akipata sehemu ndogo tu ya alichopata mwenzake Mzungu. Siku moja alikuwa peke yake akipima maziwa, akaingia bibi wa Kizungu na chupa yake. Akamtazama Mboya, akazungusha macho chumbani, akauliza kama hapana mtu. Mboya alimjibu kwa kumuuliza kama macho yake yana kasoro, na bibi yule akatoka kwa hasira kwenda kumshitaki. Kijana mwingine angebaki na uchungu tu. Yeye akaugeuza kazi: akakiingia chama cha wafanyakazi wa Baraza, akakiimarisha mpaka kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Watu wa Mombasa walimjua mapema. Machi 1955 makuli wa Kilindini waligoma, na bandari ikasimama. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, ambapo kukusanya watu kulitosha kumtia mtu kizuizini. Mboya aliteremka, akasimama mbele ya maelfu ya makuli, watu wa bara na wa Pwani pamoja, akawasihi kwa Kiswahili warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa kwa mapatano. Walirudi, na nyongeza ya mshahara wakaipata. Yule aliyeshindwa kulipa karo ya Mang'u akawa ndiye msemaji wa watu ambao wengi wao hawakuingia skuli kabisa.

Mwaka huohuo wa 1955 alipata nafasi ya kusoma Ruskin College, katika mji wa Oxford, Uingereza. Ruskin iliwekwa makusudi kwa watu wa kazi ambao maisha yaliwanyima vyeti. Haikumuuliza cheti cha Cambridge, ilimuuliza amefanya nini. Akasoma siasa na uchumi, akarudi mwaka 1956. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, alisimama Nairobi na kumshinda Argwings-Kodhek, mwanasheria msomi. Desemba 1958, akiwa na miaka ishirini na minane, ndiye aliyekalia kiti cha mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra.

Hapa ndipo wale wasemao skuli si kitu wanapopaswa kunyamaza. Mtu huyu aliyepanda bila ya digrii angeweza kujivuna na kuwaambia vijana wamfuate njia yake. Hakufanya hivyo. Alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli za ndege kwa vijana ambao mlango wa Makerere ulikuwa mwembamba mno kwao. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliruka na wanafunzi 81. Wakoloni walinung'unika kwamba vijana wale hawana sifa na vyuo waendavyo ni hafifu. Serikali ya Marekani ilipokataa kutoa nauli ya kundi la 1960, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa jamaa yake ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800. Mmoja wa waliokwenda 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyekuja kutunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Mboya aliujua uchungu wa kufunga sanduku, kwa hiyo akahangaika ili wengine wasilifunge.

Kibaki, yule mdogo wake wa Mang'u, alipata alichokikosa Mboya: alimaliza Cambridge mwaka 1950, akaenda Makerere, kisha London. Mwaka 1960 akaacha ualimu wa Makerere kuja kukitumikia chama cha KANU, ambacho Mboya alikuwa katibu mkuu wake, na baada ya uhuru walifanya kazi pamoja katika Wizara ya Mipango ya Uchumi. Njia zilikuwa mbili, meza ikawa moja.

Wala tusidhani kwetu hakuna mfano. Marehemu Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alipata Cambridge ya daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akafanya kazi katika chuo cha MIOME, na hotuba yake ya Maulidi mbele ya Gavana ikamfungulia safari ya kwenda kusoma Uingereza. Baadaye akarudi Makerere ileile akiwa profesa.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi akitoka dukani kununua dawa katika barabara ya Government, Nairobi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Alizikwa Rusinga.

Mzazi ambaye mwanawe amekwama mwaka huu asimwambie kuwa mambo yamekwisha, wala asimwambie kuwa skuli haina maana. Amuulize amejifunza nini humo cha kuwafaa watu, kisha amtafutie pa kukitumia, awe bwana afya, fundi au karani. Na aliyevuka, mwenye cheo na uwezo, asisahau kwamba nyuma yake yupo kijana anayefunga sanduku kwa kukosa karo.