Édouard Michelin, mchoraji aliyefanya tairi livuliwe kwa mkono

BUNIA – Kwenye barabara ya kitaifa nambari 27, kati ya Komanda, Bunia na Mahagi, dereva wa jeep akitobokewa na tairi hapotezi muda mrefu. Anainua gari kwa jeki, anafungua boloti, anafunga gurudumu la akiba, anaendelea na safari. Lile lililotoboka litapelekwa kwa kwado, ama litatengenezwa nyumbani uani. Mwaka 1889 hakuna aliyeweza kufanya hivyo. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Mfaransa Édouard Michelin, mtu ambaye hakusomea ufundi wa mashine hata kidogo. Alisomea kuchora picha.

Alizaliwa Paris tarehe 23 Juni 1859, akasoma katika shule ya sanaa ya mji huo. Alikuwa hajafikisha miaka 30 familia ilipomwita Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa, kuokoa kiwanda kilichoanzishwa na babu yake. Kiwanda hicho kilitengeneza mashine za kilimo na vitu vya mpira, na kilikuwa karibu kufa. Mwezi wa Mei 1889 Édouard alishika uongozi. Kaka yake mkubwa André, ambaye ndiye aliyekuwa injinia, akasimama upande wake.

Mwaka huo huo mwendesha baiskeli mmoja alifika kiwandani na tairi la hewa la Dunlop, kitu kipya kabisa wakati ule. Lilikuwa limebandikwa kwa gundi kwenye janti. Wafanyakazi walitumia saa tatu kulitoa na kuliziba, kisha gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi Michelin mwenyewe alipanda baiskeli ile kuijaribu. Hakufika mbali, tairi likaisha hewa tena. Mwingine angeliacha hapo. Yeye aliona kwamba kutembea juu ya hewa ni raha, ila tairi lisilovulika ni mzigo kwa msafiri.

Mwaka 1891 alitoa tairi lake, lenye mpira wa ndani uliotengwa, ambalo mtu wa kawaida aliweza kulivua na kulirudisha kwa muda wa dakika 15 hivi. Mwezi wa Septemba Charles Terront alilitumia katika mashindano ya Paris–Brest–Paris, karibu kilomita 1,200, akafika wa kwanza na kuwaacha wenzake kwa saa nyingi. Mwaka uliofuata ndugu hao waliandaa mashindano yao kutoka Paris hadi Clermont-Ferrand, na misumari ikamwagwa barabarani ili kila mtu aone namna tairi linavyotengenezwa haraka. Ni tangazo la ukali kidogo, lakini watu walielewa.

Kwenye motokari kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1895, katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, ndugu wawili walishika usukani wenyewe, kwenye gari walilolipa jina la L'Éclair. Matairi yalitoboka mara nyingi mno na walifika wakiwa wamepitisha muda uliowekwa. Lakini walifika, juu ya hewa.

Mwaka 1906 Michelin alileta janti ya kuvulika: tairi lilikalishwa na kujazwa hewa mapema, kisha likafungwa kwenye gari kwa boloti. Renault ya Ferenc Szisz ilishinda nayo Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa, karibu na Le Mans. Wapinzani walikata mpira kwa kisu kando ya njia, huku Szisz akibadili gurudumu kwa dakika chache.

Urahisi huo una hatari yake, na mafundi wa Bunia wanaijua. Tairi pana la jeep linashikwa kwenye janti na hewa, na hewa hiyo inaweza kuua. Anayelikalisha nyumbani aanze kwa kutoa valvu ili hewa yote iishe. Ahakikishe kipimo cha tairi na cha janti ni kimoja: tairi la inchi 16 halikai salama kwenye janti ya 16.5, hata kama linaonekana kuingia. Kingo zipakwe maji ya sabuni. Kumwaga petroli na kuwasha moto ili tairi likae, kama wengine wanavyofanya, ni kucheza na mlipuko. Wakati wa kujaza hewa, mtu asimame kando na bomba refu, asiiname juu ya tairi, na kingo zisipokaa kabla ya psi 40, yaani karibu bar 2.8, atoe hewa na kuanza upya. Janti za malori zenye pete ya chuma si kazi ya nyumbani. Pete hiyo ikiruka haimwachi mtu.

Kwa msomaji wa Kongo historia hii ina upande mwingine. Njaa ya matairi huko Ulaya na Marekani ilipandisha bei ya mpira wakati nchi hii ilikuwa mikononi mwa Leopold II. Hadi mwaka 1908, vijiji vilitozwa mpira wa msituni kwa mijeledi, mateka na bunduki. Wasifu wa wakubwa wa matairi husimulia mashindano na ushindi, lakini wakusanyaji hao hawatajwi sana.

Miaka ya mwisho ya Édouard Michelin ilikuwa ya msiba. André alifariki mwaka 1931. Mtoto wake Étienne alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1932, na Pierre katika ajali ya gari mwaka 1937. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti 1940 huko Orcines, karibu na Clermont-Ferrand, akiwa na miaka 81, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani. Kampuni ilibaki mikononi mwa Pierre Boulanger na Robert Puiseux, mkwe wake. Chini yao, mwaka 1946, ilisajiliwa tairi la radial, aina ambayo leo imeenea kwenye jeep duniani kote.